Mngwa, chui wa Unguja na wenzao: namna ya kukusanya ushahidi usiotupwa

Kwale wa Udzungwa aliingia kwenye vitabu vya sayansi kupitia sufuria. Mwaka 1991 watafiti wa ndege kutoka Denmark walikuwa wamepiga kambi kwenye misitu ya milima hiyo, wakaona kwenye chungu cha kitoweo miguu miwili ya ndege ambayo hawakuweza kusema ni ya nani. Si ya kuku, si ya kanga, si ya kwale yeyote waliyemzoea. Wakafuatilia, wakampata akiwa hai, na mwaka 1994 akatangazwa rasmi kwa jina la Xenoperdix udzungwensis. Kwa aliyemtia chunguni hapakuwa na ugunduzi wowote, palikuwa na mlo wa jioni.

Mijadala yetu ya wanyama wasiothibitishwa, kuanzia mngwa, yule paka mkubwa wa masimulizi ya pwani ya kusini, hadi chui wa Unguja, huharibika kwa namna moja kila mara. Mmoja anasema wazee hawasemi uongo, mwingine anacheka. Wote wawili wanabishana juu ya mtu, wakati swali ni la kitu: kuna nini mkononi ambacho mtu mwingine, asiyekuamini hata kidogo, anaweza kukishika na kukipima upya? Miguu miwili ya ndege ilitosha kuanzisha kazi. Masimulizi mia yanayofanana hayatoshi, hata yote yakiwa ya kweli.

(Popobawa, yule jini wa visiwani, simo naye. Anayeingia ndani mlango ukiwa umefungwa ana wataalamu wake wengine.)

Kisa cha pili ni cha okapi, na ninakirudia kila mtu anaponiambia wataalamu wangejua. Sir Harry Johnston, aliyekuwa mwakilishi wa Uingereza nchini Uganda, alisikia kwa Wambuti wa msitu wa Ituri, Kongo, habari za mnyama mkubwa anayefanana na punda. Akaenda kumtafuta. Wambuti wakamwonyesha nyayo zake, zenye kwato mbili kama za paa. Johnston akazikataa, kwa kuwa kichwani mwake alikuwa anatafuta jamii ya farasi, na farasi ana kwato moja. Alichofanikiwa kupata ni vipande viwili vya ngozi yenye milia, vilivyokuwa vimekatwa kuwa mikanda. Vikapelekwa London, na mwaka 1901 mnyama akapewa jina la Equus johnstoni, yaani ndugu wa punda milia. Mwaka huohuo ikafika ngozi kamili pamoja na mafuvu, kupitia afisa mmoja Mswidi aliyekuwa Kongo. Meno yakaonyesha kwamba huyu ni wa ukoo wa twiga, na jina likabadilishwa kuwa Okapia. Milia iliwadanganya, fuvu likasema ukweli. Na nyayo zilizokataliwa msituni zilikuwa sahihi tangu mwanzo.

Kwa hiyo ukisikia kuna kitu kimeonekana, fanya haya.

Aliyeona

Fika mapema. Kumbukumbu ya mtu haikai ilivyo. Kila akisimulia mbele ya kundi inachukua kidogo kutoka kwa wasikilizaji, na baada ya wiki mbili utasikia hadithi ya kijiji, si ya mtu. Wahoji mashahidi mmoja mmoja, na muda wa kwanza unyamaze. Usilitaje jina la mnyama mpaka yeye alitaje, kwa sababu ukisema “huyo chui” hutaweza tena kujua kama mabaka aliyaona au umempa wewe. Maswali ya maana ni ya vitu vidogo: mkia uliishia wapi ukilinganisha na kisigino, kichwa kilikuwa juu ya mabega au chini, alitembea au aliruka, masikio yalionekana dhidi ya nini, mwanga ulitoka wapi, na ilichukua muda gani.

Ukubwa usiuulize kwa mdomo. Usiku mtu hana cha kulinganishia, na karibu kila mara mnyama huongezeka. Nenda naye palepale, asimame aliposimama. Msaidizi wako aende aliposimama mnyama, akiwa ameshika fito iliyowekwa alama kila sentimita 10. Mwambie shahidi aelekeze mkono wa msaidizi juu au chini ya fito mpaka ufike usawa wa bega la mnyama. Pima umbali kwa futi kamba. Mara nyingi “mkubwa kama punda” hushuka hadi sentimita 60 au 70, na hiyo si aibu kwa shahidi. Sasa mna namba.

Picha zionyeshwe mwisho kabisa. Andaa kadi 12 hivi: wanyama wa eneo hilo, wanyama wa Afrika wasiokuwepo hapo, na wachache ambao haiwezekani kabisa wawepo, kama dubu au jagwa wa Amerika. Shahidi akimchagua dubu, umejifunza kitu kuhusu namna anavyojibu. Watafutaji wa mokele-mbembe, mnyama anayesemwa kuishi kwenye mito na vinamasi vya Kongo, walikuwa na mazoea ya kuonyesha watu picha za dinosaria na kuuliza kama ni huyu. Ukimuuliza mwenyeji mkarimu swali la namna hiyo, jibu umeshajipa mwenyewe.

Nyayo

Hapa ndipo makosa mengi hutokea, na mengi yanaweza kuzuiwa na rula ya shilingi mia chache.

Kwanza piga picha, tena kutoka juu moja kwa moja, simu ikiwa sambamba na ardhi. Ukiinamisha simu, unyayo unarefuka. Weka rula pembeni, kwenye kina kilekile cha unyayo. Ikiwa juu ya udongo na unyayo uko chini sentimita mbili, vipimo vitakuwa na kosa. Asubuhi mapema au jioni ndiyo saa nzuri, kwa sababu jua la pembeni huonyesha kingo. Mchana wa saa sita unyayo hupotea kabisa kwenye picha. Ukishindwa, utie kivuli kwa kanga kisha mulika tochi kutoka ubavuni.

Usipige unyayo mmoja mzuri ukaondoka. Fuata mstari mzima, pima hatua, piga wa mbele na wa nyuma, wa kulia na wa kushoto. Wanyama wengi wakitembea taratibu huweka mguu wa nyuma juu ya alama ya mguu wa mbele. Alama mbili zikipandana pungufu kidogo, unapata unyayo mrefu wenye vidole sita au saba, na hapo ndipo majitu huzaliwa. Tope laini nalo linapanua alama, mvua inaipanua zaidi. Pima sehemu ya chini ambako nyama ya mguu iligusa, si ukingo wa juu uliobomoka.

Jamii ya paka hurudisha kucha ndani, kwa hiyo alama zao hazionyeshi kucha, na kisigino kina mikunjo mitatu upande wa nyuma. Chui mzima huacha alama ya sentimita 9 hivi, simba hupita 12. Fisi na mbwa huonyesha kucha. Nyegere ana vidole vitano na kucha ndefu za mbele zinazochimba mbali na vidole, na ni mnyama aliyewachanganya wengi. Ukisoma taarifa za zamani za “dubu wa Nandi” kule Kenya, aliyetajwa sana miaka ya 1910, utaona fisi, nyegere na mhanga wakipokezana ndani ya mnyama mmoja. Huyo sitamzungumzia zaidi. Nadhani ni wanyama watatu waliopewa jina moja.

Kuchukua umbo la unyayo unahitaji unga wa plasta, ule unaotumika kufungia mifupa iliyovunjika. Kwa alama ya ukubwa wa chui chukua nusu lita ya unga na robo lita ya maji, yaani unga mara mbili ya maji kwa ujazo. Zungushia alama ukanda wa plastiki uliokatwa kwenye chupa ya maji, wenye kimo cha sentimita 4. Mimina unga kwenye maji, si maji kwenye unga, vinginevyo utapata mabonge. Koroga polepole mpaka uwe kama uji mwepesi, na usipige kwa nguvu, maana mapovu ya hewa yataacha vitundu palepale penye vidole. Usimimine juu ya alama. Mimina pembeni uache utiririke wenyewe. Chini ya dakika 30 usiuguse. Msituni penye unyevu subiri saa nzima. Ukiunyanyua, chimba chini yake kwa kisu, unyanyue pamoja na udongo, na usiusafishe kwa brashi mpaka umekauka siku mbili tatu. Anayesugua jioni hiyohiyo anafuta alichokuja kukitafuta.

Kwa watu wa pwani: msitumie maji ya bahari. Chumvi huharakisha plasta kukauka, na inaweza kuganda mkononi kabla haijafika kwenye vidole. Mchanga mkavu nao unabomoka ukimiminiwa, hivyo unyunyizie kwanza maji membamba kwa chupa ya kupuliza, kwa mbali.

Nywele na kinyesi

Captain William Hichens, aliyekuwa hakimu wa kikoloni Tanganyika na ambaye wasomaji wa tenzi za zamani wanamjua kwa kazi yake ya kuhariri mashairi ya Kiswahili, aliandika mwaka 1937 kuhusu mauaji ya usiku yaliyotokea Lindi miaka ya 1920. Askari aliyekuwa zamu sokoni alikutwa ameraruliwa, na mkononi mwake kulikuwa na shada la manyoya ya kijivu. Watu wakasema mngwa: paka mkubwa kama punda, wa kijivu mwenye milia, si simba wala chui. Sina sababu ya kusema Hichens alitunga. Lakini tunachokisoma leo ni maelezo ya shada, na maelezo hayaingii kwenye mashine ya vinasaba (DNA). Unywele mmoja wenye mzizi, ukitunzwa vizuri, ungesema mengi kuliko kurasa zote zilizoandikwa juu ya mngwa tangu wakati huo.

Kutunza vizuri maana yake ni bahasha ya karatasi, si mfuko wa nailoni. Nailoni hushika unyevu, unyevu huleta ukungu, ukungu hula vinasaba. Vaa glavu, chukua kwa kibano, na kila shada liwe na bahasha yake hata kama yametoka kwenye mwiba mmoja. Tafuta nywele zenye mzizi, zile zilizong’olewa, kwa sababu unywele uliokatika katikati una vinasaba vichache sana. Hata hivyo usiutupe: umbo la magamba yake chini ya hadubini linaweza kutofautisha jamii. Kama mbwa wako alikuwepo, chukua nywele zake pia na uziandike. Maabara ikikuta mbwa, mtajua ni yupi.

Kinyesi ni bora kuliko watu wanavyodhani. Seli za mnyama mwenyewe ziko juu, kwenye ule utando wa nje uliosuguana na utumbo, na ndani kuna nyama na nywele za alichokula. Ukichukua cha ndani, utapata majibu ya paa na utangaze ugunduzi wa paa. Kwaruza vipande vya nje, kila kimoja kama punje ya karanga, uvitie kwenye kichupa chenye etanoli ya asilimia 96 kwa kiasi cha mara nne ya kinyesi. Konyagi haifai, ni asilimia 35, maji yaliyobaki yanaozesha. Sanitaiza ya mikono nayo ina viongezo vinavyoisumbua maabara. Baada ya saa 24 unaweza kukihamishia kwenye chembechembe za silika zinazonyonya unyevu, ukiiacha etanoli ivuke kwanza. Cha siku moja au mbili kivulini kina nafasi nzuri. Kilichopigwa na jua na mvua wiki nzima, usipoteze kichupa.

Lebo iandikwe kwa penseli. Kalamu ya wino huyeyuka etanoli ikivuja, na utabaki na vichupa 20 visivyo na majina. Weka kipande cha karatasi ndani na kingine nje: tarehe, saa, mahali kwa GPS, nani amechukua.

Mzoga

Ukikuta mnyama amekufa na damu inatoka puani, mdomoni au nyuma na haigandi, ondoka, uwaite watu wa mifugo. Hiyo inaweza kuwa kimeta, na hakuna spishi mpya inayostahili hilo. Mnyama jamii ya mbwa, paka au nguchiro aliyekuwa na tabia za ajabu kabla ya kufa, mchukulie kama ana kichaa cha mbwa.

Kama ni salama, piga picha pande zote mbili, meno, nyayo za miguu yote, na tumbo. Vipimo vinne vya kawaida ni urefu wa kichwa na mwili, mkia bila manyoya ya mwisho, mguu wa nyuma, na sikio. Kisha kata kipande cha msuli kama punje ya mahindi, ukitie kwenye etanoli, ufanye hivyo mara tatu kwenye vichupa tofauti. Hii ifanyike kabla ya fomalini, si baada. Fomalini hutunza umbo vizuri lakini hufunga vinasaba kiasi cha kutosomeka. Mimina sehemu moja ya fomalini ya dukani kwenye sehemu tisa za maji, na kwa mnyama mkubwa chanja tumbo ili iingie ndani, la sivyo ataoza akiwa amelowa.

Kukosa fomalini kuligharimu sana mwaka 1938, pale Marjorie Courtenay-Latimer alipompata silikanti kwenye shehena ya samaki East London, Afrika Kusini. Samaki wa mita moja na nusu, kilo 57, wa ukoo uliodhaniwa umetoweka pamoja na dinosaria, na mjini hakuna fomalini ya kutosha. Akaishia kutolewa ngozi na kujazwa, viungo vya ndani vikatupwa. Profesa J. L. B. Smith akasubiri miaka 14 kupata wa pili, Komoro, ambako wavuvi walikuwa na jina lake kabisa: gombessa. Karatasi za Smith za kutangaza zawadi ya pauni 100 ziliandikwa kwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Hapa kwetu silikanti walianza kunaswa Songo Mnara mwaka 2003, halafu Tanga kwenye majarife ya papa yanayotegwa kina kirefu, wengi kiasi kwamba mwaka 2009 hifadhi ya bahari ikaanzishwa kwa ajili yao.

Fuvu usilipake Jiki. Inakula mfupa, na mwaka mmoja baadaye meno yanamwagika. Lichemshe kwa moto mdogo bila kuruka povu, au uliache kwenye kizimba cha waya wadudu walisafishe. Ngozi ipakwe chumvi ya mawe, ikaukie kivulini.

Kamera za mtego, na chui wa Unguja

Chui wa Unguja ana kila kitu: ngozi makumbushoni, jina la kisayansi alilopewa mwaka 1932, adersi, kutokana na Dk. Aders yuleyule ambaye paa nunga naye ameitwa kwa jina lake kwenye vitabu vya wazungu. Alikuwa mdogo kuliko wa bara, mabaka yake yamekatikakatika. Baada ya Mapinduzi ya 1964 aliwindwa kwa kampeni iliyounganisha chui na uchawi, ikiongozwa na mwindaji aliyeitwa Kitanzi, kwa kuwa imani ilikuwa kwamba kuna watu wanaofuga chui na kuwatuma. Swali lake si kama aliwahi kuwepo. Swali ni kama yupo.

Taarifa za kuonekana hazijawahi kukauka, na nyingi ni za chui wa kufugwa, ambaye mmiliki wake anajulikana lakini hatajwi. Mtafiti akizipuuza hizo anapoteza nusu ya taarifa. Akizichukua zilivyo, hana pa kutega kamera. Mimi ningerekodi zote, na kamera ningezitega kwa kufuata alama: mikwaruzo kwenye magogo, mabaki ya paa, njia nyembamba ndani ya vichaka vya ardhi ya mawe.

Mwaka 2003 kamera zilitegwa kwenye msitu wa Jozani, Unguja, na chui hakupatikana. Ila walipatikana wengine, akiwemo kanu wa Unguja ambaye alijulikana kwa mabaki yaliyookotwa mwaka 1995 na alikuwa hajawahi kupigwa picha akiwa hai. Hilo linafaa kukumbukwa: kamera zilifanya kazi na mnyama mdogo wa usiku, adimu na mwoga, akaingia. Mwaka 2018 kipindi cha televisheni cha Marekani kikaonyesha video ya usiku, fupi, ya mnyama anayeonekana kuwa chui akipita Unguja. Nimesikia watu wakiihesabu kuwa imemaliza ubishi. Picha moja haiwezi. Haisemi ni chui wa Unguja au aliyeletwa kutoka bara, na haisemi wako wangapi. Kinyesi kimoja kingejibu la kwanza, kwa kuwa ngozi za makumbusho zipo za kulinganishia.

Anayetaka kutega afahamu kwamba kamera hizi hazioni mnyama, zinahisi joto linalotembea. Mchana wa pwani, hewa ikikaribia nyuzi 35, mwili wa mnyama na mazingira vinalingana na kamera inalala. Usitegemee picha za saa nane mchana. Ifunge kwenye mti mgumu kwa kimo cha goti, sentimita 40 hivi, mita mbili au tatu kutoka kwenye njia, ikiitazama njia kwa kukingama kidogo ili mnyama abaki mbele yake muda mrefu zaidi. Ielekee kaskazini au kusini, kwa sababu jua likichomoza mbele yake litajaza kadi picha tupu. Kata nyasi zote zilizo mbele, jani moja likipata joto na upepo linaweza kupiga picha elfu tatu. Kwa chui tega mbili zinazotazamana, maana mabaka ya kushoto hayafanani na ya kulia, na bila pande zote mbili huwezi kujua kama umepata chui mmoja au wawili. Picha tatu kila inaposhtuka, bila kupumzika muda mrefu katikati. Betri za lithiamu, pakiti ya silika ndani, na angalia tarehe kabla ya kufunga. Sisimizi hupenda kujenga ndani ya boksi, kima huzigeuza zitazame mbinguni, na binadamu huziiba. Kwa hao wa mwisho, dawa ni kuzungumza na sheha kabla ya kuingia, sio kufuli.

Jambo ambalo karibu kila mtu anasahau: mnyama akishapigwa, rudi na fito yako ya alama, uisimamishe alipopita, uipige picha kwa kamera hiyohiyo ikiwa haijasogezwa. Bila hiyo paka shume akipita karibu na lenzi atakuwa chui, na chui akipita mbali atakuwa paka. Nusu ya ubishi wa mitandaoni ungeisha kwa fito.

Kisha hesabu. Kamera 20 kwa siku 60 ni usiku wa kamera 1,200. Zikitoka bila chui, kanuni ya haraka ni kugawa 3 kwa idadi hiyo: una uhakika wa asilimia 95 kwamba uwezekano wa chui kupita mbele ya kamera moja kwa usiku mmoja ni chini ya asilimia 0.25. Haina maana hayupo. Ina maana kama yupo, ni adimu kiasi hicho hapo ulipotega. Na hapo ulipotega ndilo neno zito, kwa sababu Jozani na hifadhi yake ni kilomita za mraba 50 hivi, na kisiwa kinapita 1,500.

Watu hunikumbusha kipunji hapo, yule kima wa milima ya kusini mwa Tanzania, kwamba picha ilitosha. Ni kweli kwa sehemu. Watafiti walisikia habari zake kwa wawindaji wa Kinyakyusa kwenye mlima Rungwe mwaka 2003, na kwa kuwa masimulizi ya huko huchanganya wanyama wa kweli na wasio wa kweli, hawakuwa na uhakika mpaka walipomwona vizuri. Kundi jingine likampata Udzungwa mwaka 2004. Akatangazwa 2005 kwa picha, bila mnyama aliyeuawa kuwa kielelezo, na wapo wanasayansi waliolalamika. Mwaka huohuo akapatikana kipunji mdogo aliyekufa kwenye mtego wa mkulima shambani Rungwe. Vinasaba vyake vikaonyesha yuko karibu zaidi na nyani kuliko na jamii aliyowekwa kwanza, akapewa jenasi (kundi la spishi) yake mwenyewe, Rungwecebus. Yaani picha zilimtambulisha kuwa ni mpya, na bado zikamweka kwenye ukoo usio wake. Sange wa uso wa kijivu wa Udzungwa, mnyama mdogo mwenye pua ndefu kama mkonga, alikwenda njia hiyohiyo: picha za kamera ya mtego mwaka 2005, mnyama mkononi 2006, kutangazwa 2008. Ana uzito wa gramu 700. Hakuna aliyemwota usiku.

Upande wa pili yupo marozi, simba wa mabaka wa milima ya Aberdare. Mkulima mmoja aliua wawili mwaka 1931, ngozi ikafika London, na ngozi ni kitu hasa. Lakini watoto wote wa simba huzaliwa na mabaka, na kwa baadhi hubaki ukubwani, kwa hiyo ngozi ilithibitisha simba mwenye mabaka, ikashindwa kuthibitisha taifa la simba wa mabaka. Inanikumbusha hadithi ya zamani ya nunda mla watu: kijana anamletea mama yake mzoga baada ya mzoga, mbwa, punda milia, twiga mpaka ndovu, na mama anajibu kila mara kwamba siye. Kazi ya makumbusho ni ya mama yule.

Kabla hujakusanya chochote, pata kibali. Tanzania Bara utafiti wa wanyamapori hupitia TAWIRI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori) na COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia), Zanzibar anza na idara ya misitu, Kenya nenda KWS (shirika la wanyamapori) na Makumbusho ya Taifa. Kwa chui jambo ni zito zaidi, kwani yuko kwenye orodha ya kwanza ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na nywele, ngozi, nyama au mfupa wake ukivuka mpaka bila karatasi unakuwa magendo hata kama nia ilikuwa maabara. Gawa kila sampuli mara mbili kabla haijasafiri, nusu ibaki nchini kwenye friji ya taasisi, si nyumbani kwako. Mzigo ukipotea uwanja wa ndege, mnyama hatarudi palepale kukupa mwingine.